Kona Iliyoinamia Bondeni

Kutoka Tabora hadi Same nilitumia siku sita: gari moshi mpaka Morogoro, lori la mkonge mpaka Korogwe, kisha gari moshi tena, magoti yangu yakigusana na ya mama mmoja aliyepakata kuku wawili. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha sekondari, na tabia ya kuacha kazi kila nilipoizoea. Mwingereza bado alitawala, na ofisi ya barabara ya Same ilitaka karani anayejua kupiga taipu. Nilishuka mchana, vumbi la tambarare likinipiga usoni, na juu ya vumbi milima ya Upare imesimama kijani kama nchi nyingine. Nimekaa miji mingi tangu hapo. Hakuna mji ninaoukumbuka kama milima ile.

Mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kujaza fomu za ajali. Sababu ya ajali ilipewa mstari mmoja tu. Mwaka wa kwanza nilijaza fomu mbili za kona ileile, juu ya kijiji cha Gonja, na mara zote mbili bwana wa barabara, Mwingereza, aliniambia cha kuandika: uzembe wa dereva. Niliandika. Kona yenyewe sikuwa nimeiona.

Lori la tatu lilianguka pale likiwa na ndizi, na watu juu ya ndizi. Wanawake wawili walikufa. Dereva alivunjika mguu, akalazwa hospitali ya misheni ya Gonja na askari mlangoni. Bwana alitaka ripoti kabla ya kesi, na maneno aliyoyataka yalikuwa yaleyale. Safari hii yangempeleka mtu jela. Jumamosi nilipanda lori bila kuomba ruhusa, nikapita Kisiwani na Maore mpaka Gonja.

“Shikamoo, kaka. Natoka ofisi ya barabara,” nilimwambia dereva kitandani kwake.

“Marahaba. Wewe ndiye karani anayeandika kwamba sisi ni wazembe?”

“Ndimi.”

“Basi andika na hili. Tajiri wangu husema ukikosa treni ya Same, usirudi kwake. Madereva wote huku tunakimbizana na treni hiyo. Lakini siku ile mvua ilikuwa kubwa, nikaiacha treni iende. Nilitembea mwendo wa kobe. Lori likaenda kando lenyewe.”

Nilipanda mpaka kwenye kona, nikakuta msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila nyumba ilikuwa imetoa mtu mmoja mwenye jembe, kama Wapare wafanyavyo siku ya kusafisha mifereji na kuzibua ndiva, yale mabwawa yanayolisha mashamba yao. Serikali iliikuta desturi hiyo ikaitwika barabara. Haikuleta mpimaji. Ilileta zawadi: kila mwaka, kijiji ambacho barabara yake ilikauka upesi kuliko zote baada ya mvua kilipewa fahali. Bwana alikagua madimbwi tu.

Mzee aliyesimamia maji ya mfereji ndiye aliyesimamia pia barabara. Nilimwamkia, naye akanionyesha kona kwa fahari. Walikuwa wameichonga ikainamia bondeni, ili maji yasikae hata kidogo.

“Fahali tumemla mara mbili,” alisema.

“Lakini, mzee, kona hii ndiyo inayoangusha malori.”

“Umetoka wapi, mwanangu?”

“Tabora.”

“Kwenye ukame. Halafu unakuja kutufundisha maji.”

Watu walicheka. Kando ya njia lilikuwa limebaki gurudumu la lori lililoanguka. Nililisimamisha katikati ya kona, nikalisukuma polepole. Lilikwenda hatua chache, likajipinda kuelekea chini, likatumbukia bondeni. Kicheko kilikatika.

Mama mmoja aliyeegemea jembe ndiye aliyesema. “Kumbe na lori tumelifanya maji, lisikae barabarani.” Mmoja wa waliokufa alikuwa wifi yake.

Yule mzee alishuka pembeni akatazama lilikotumbukia gurudumu. Kisha akawaambia watu wake wachimbe upande wa mlimani, waiinamishe kona ndani na kuiwekea mfereji. Nilimwambia ofisi haijatoa ruhusa. “Ofisi ina majembe mangapi?” aliuliza.

Jumatatu niliandika ripoti: barabara imeinamia bondeni; imechongwa hivyo kwa sababu ofisi hii iliisifu na kuitolea zawadi; fomu mbili za nyuma nilizijaza mimi, nazo si za kweli.

“Chapa upya,” bwana alisema.

“Sichapi.”

“Unajua unazungumza na nani?”

“Najua. Ndiyo maana nimeandika ‘ofisi hii’, si jina lako.”

Aliichana. Nakala ilikuwa mfukoni mwangu, nikaisoma mahakamani siku ya kesi. Mzee naye alishuka kwa miguu, akamwambia hakimu, “Kona niliichonga mimi. Huyu mmuachie.” Dereva aliachiwa, akatoka kwa magongo. Mimi nilifukuzwa kazi wiki iyo hiyo.

Siku yangu ya mwisho nilikuwa nafunga droo, mzee akaingia na wanaume wawili, wana matope mpaka magotini. Kona ile walikuwa wameimaliza. Bwana aliwaamuru wairudishe ilivyokuwa, nao hawakwenda.

“Kona za namna ile ziko nyingi mpaka huko juu,” mzee alisema. “Tuandikie vipimo, kila kijiji kipate nakala yake.”

Nilikaa tena kwenye taipu, naye akanitajia vipimo vya kona yao. Nilikuwa kwenye nakala ya tano bwana alipotokea mlangoni.

“Hiyo ni mashine ya serikali.”

“Na barabara pia,” nilimjibu, nikaingiza karatasi nyingine.

Alikwenda kumwita askari. Askari alikuwa Mpare wa Gonja. Alifika akaegemea ukuta, akangoja nimalize. Nilimpa mzee nakala zote, nikachukua sanduku langu, nikapanda lori la kwenda Moshi lililokuwa likijaza maji kwenye rejeta. Same sijarudi.