Mwalimu wa Kurasini anayerudi Lichinga kuaga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, malori yameshapanga foleni kuelekea bandarini. Ndani ya ukumbi wa kanisa huku Kurasini, Sekela Mwaisumo ameinua trei ya mayai na anainadi kwa Kiingereza.

Wanafunzi wake kumi na wanne ni madereva, utingo na makarani wa kampuni za kutoa mizigo. Asiyeweza kutaja bei kwa Kiingereza haruhusiwi kununua. Dereva Romani Haule anataja elfu saba. Hakuna anayepandisha, naye anataja elfu nane.

"Braza, unashindana na nani?" anauliza karani mmoja, Noela. "Hiyo ya kwanza ilikuwa yako."

"Mie nanunua Kiingereza," anajibu Romani. "Mayai ni nyongeza."

Sekela hacheki. Anampa mayai kwa elfu saba, kisha anamtaka ahesabu chenji yake kwa sauti.

Ana miaka 57. Anafundisha siku tatu kwa wiki, kabla watu hawajaingia kazini, na kila mwanafunzi humlipa shilingi 4,000 kwa wiki. Kodi ya chumba chake Tandika ni 60,000 kwa mwezi. Kinachobaki, anasema, kinatosha kwa mtu asiyependa nyama.

Mnada wenyewe si jambo geni kwa waumini wa sharika nyingi nchini. Asiye na fedha huleta yai, muwa au kuku, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Baba yake Sekela alikuwa mnadi kwao Rungwe. Lakini kuutumia mnada kufundishia hesabu za Kiingereza alianza akiwa Msumbiji.

Oktoba 2017, usharika wake wa Temeke ulimtuma Lichinga, mkoani Niassa, kulitumikia kanisa changa na kufundisha Kiingereza watu wazima. Makubaliano yalikuwa miaka mitatu. Alipewa chumba, posho ya chakula na vitabu ishirini na tano.

"Nilikuwa na maneno manne ya Kireno," anasema. "Mawili ya salamu, mawili ya kuomba radhi. Hayo ya kuomba radhi ndiyo yaliyonisaidia zaidi."

Anaukumbuka mji ule kwa baridi yake. Watu walikuja darasani wamejifunga mablanketi, nguo zikinuka moshi wa kuni za msonobari. "Nilidhani nimepelekwa ugenini, kumbe nimerudishwa kwetu Tukuyu."

Mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote alikuwa Mama Albertina, mjane wa miaka 67. Alizungumza Kiswahili, kwa sababu wakati wa vita vya ukombozi familia yake ilikimbilia Tunduru akiwa msichana. Ndiye aliyemfasiria Sekela kwa miezi sita ya kwanza.

Jumapili moja Mama Albertina alileta kuku mweupe kanisani. Sekela alifanya alichokiona tangu utoto wake: baada ya ibada alimnadi, ila kwa Kiingereza, ili wanafunzi wajizoeze hesabu. Anselmo, mwenye duka la jirani, akamnunua. Mama Albertina aliinuka akaondoka, na kwa wiki tatu hakuja ibadani wala darasani.

Sekela alimfuata nyumbani kwake.

"Aliniambia, 'Mwalimu, mimi nilimpa Mungu kuku. Wewe ukampa Anselmo wa dukani.' Kule hakuna aliyewahi kuona sadaka inauzwa mbele ya aliyeitoa. Alijua nimemkataa."

Sekela alikwenda dukani kuomba kuku arudishwe. Anselmo aligoma. Alisema amemnunua kihalali, tena kwa Kiingereza, na kuku ameshaanza kuatamia.

Suluhu ilikuwa kubadili utaratibu. Mtoaji angeulizwa kwanza kama anaridhia kitu chake kinadiwe, na mwenye kuuliza angekuwa Mama Albertina. Katika mwaka mmoja alipanda kutoka muulizaji hadi mnadi, akitaja bei kwa Kiingereza mpaka elfu. Anselmo alimpelekea vifaranga wawili bila kuombwa.

Machi 2020, korona ilipoingia katika nchi za jirani, usharika ulimwita Sekela nyumbani kabla mipaka haijafungwa. Ujumbe ulifika Jumatano usiku. Alhamisi alfajiri gari lilikuwa mlangoni. Darasa lilikuwa na watu thelathini na mmoja, na hakumuaga hata mmoja.

"Niliacha hata kofia yangu ya sufu kwenye msumari," anasema. "Nilijua narudi Agosti."

Hakurudi. Usharika ulielekeza fedha za huduma kwingine, na darasa likapata mwalimu mwenyeji. Mzee wa kanisa Wilbert Mwakyusa anasema uamuzi huo ulikuwa sahihi. "Kazi aliyotumwa inaendelea bila yeye. Hiyo ni sifa kwake, ingawa najua inamuuma."

Februari mwaka huu Sekela alipokea ujumbe wa sauti uliotumwa kutoka simu ya Anselmo. Anaucheza mara moja, kisha anaiweka simu kifudifudi mezani. Sauti ni ya Mama Albertina, aliyefikisha miaka 75 na ambaye sasa haoni vizuri.

"Mwalimu, ulichukuliwa kama kuku wangu. Jioni tulikuwa nawe, asubuhi hupo, na hakuna aliyetuuliza. Njoo wakati sauti yako bado naijua."

Pasipoti mpya aliipata Mei. Ataondoka wiki ya kwanza ya Julai kwa gharama zake, apitie Songea, avuke mpaka Mkenda na kukaa Lichinga wiki mbili. Romani, anayepeleka saruji Songea, amejitolea kumfikisha hadi huko bure.

"Sharti moja, mwalimu," anamwambia akifunga trei ya mayai kwa kamba. "Njia nzima hamna Kiingereza."

"Mpaka Makambako," anajibu Sekela. "Kutoka hapo unahesabu."

Hatabeba vitabu. Usharika haujamtuma, na hataki kumwingilia mwalimu wa sasa. Anakwenda kuwaaga watu thelathini na mmoja, kwa majina, akianzia kwa Mama Albertina.

Na akipewa kuku?

"Nitauliza kwanza."