Mkono Unatoa, Mguu Unakanyaga

Fundi alikuwa mwanamke wa kujivunia mikono yake. Miaka yote aliyokaa nyuma ya cherehani hakuna kitambaa kilichomshinda, si hariri inayoteleza kama kambale, si turubai la kuvunja sindano. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye banda la farasi nyuma ya mtaa wao. Alikuwa akiwashonea vitambaa vya kuweka chini ya tandiko, akipeleka mzigo anasimama kidogo kuwatazama wanaojifunza kupanda, kisha anarudi nyumbani. Wajukuu walipoanza shule akasema, "Sasa zamu yangu." Watu wakacheka. Yeye akajishonea suruali ya kupandia, mshono wa ndani kaulaza bapa usimchune, akaenda.

Kupanda alipanda. Kukaa sawasawa alikaa. Kilichomtoa jasho ni kulegeza hatamu.

Zoezi lenyewe ukilitazama utasema la kitoto. Farasi anakwenda mchakamchaka kwenye duara, nawe unasogeza mkono wa ndani, ule wa upande wa katikati ya duara, mbele, kando ya shingo yake, mpaka hatamu inalegea. Unamwacha hatua chache, halafu unaurudisha mkono polepole. Basi. Farasi akibaki na mwendo uleule na shingo ileile, anajibeba mwenyewe, hajaegemea mkono wako kama mlevi aliyeegemea ukuta. Akichomoka mbio, umeumbuka.

Na Fundi alikuwa akiumbuka kila wiki.

Siku hiyo mwalimu, binti wa rika la kitinda mimba wake, alisema wazi: "Leo nachagua wa kupanda siku ya maonyesho. Asiyeweza kulegeza hatamu pande zote mbili anarudi kwenye kamba."

Kamba maana yake mwalimu anasimama katikati, anamshika farasi kwa kamba ndefu, nawe unazungushwa kama mbuzi kwenye kigingi. Fundi alishatoka huko, akaapa harudi. Tena nyumbani alishatangaza kwamba maonyesho yeye yumo. Hata wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke asiyejua kunong'ona, alikuja kushuhudia, kaegemea ua wa mbao.

"Wifi! Huyo uliyempanda anaitwa nani?"

"Bi Mkubwa."

"Alaa! Yaani umekubali kuwa mke wa pili na uzee wote huo?"

"Nyamaza, utamshtua."

"Kakubeba wewe hajashtuka, atashtushwa na mimi?"

Fundi akakaza midomo. Akamtia farasi jike yule kwenye duara la kushoto, mwendo ukatulia, akasogeza mkono taratibu kama alivyofundishwa. Bi Mkubwa akachomoka. Fundi akaikwapua hatamu, lijamu, kile chuma cha kinywani, likamgonga mnyama, naye akatupa kichwa juu.

"Usimpokonye, mama! Ukishampa, umempa. Tena!"

Akarudia. Mkono mbele, Bi Mkubwa mbio.

"Unaogopa, mama?"

"Siogopi!"

Neno lile lilimchoma. Aogope, yeye aliyezoea kukata gauni la bibi harusi bila kuchora chaki? Mkono wake ulikuwa sahihi, aliuona kwa macho yake. Sasa huyu farasi alitaka nini? Akarudia tena. Mbio zilezile.

Wifi alipasuka kicheko mpaka akashikilia ubao asianguke. "Wifi, unashona!"

"Nini?"

"Unashona, wallahi! Ukisogeza mkono tu, mguu unakanyaga. Unadhani uko kwenye cherehani yako!"

Fundi akasimamisha farasi, akaiangalia miguu yake kana kwamba ni ya jirani. Kweli bwana. Maisha yake yote mkono ukisukuma kitambaa, mguu unakanyaga. Ndugu pacha hao. Maskini Bi Mkubwa alikuwa anapigwa visigino anaambiwa nenda, naye anakwenda. Mwalimu hakuona, kwa kuwa macho yake yote yalikuwa kwenye mikono ya Fundi.

"Toa miguu kwenye vikuku," mwalimu akasema, akionyesha vile vyuma vya kukanyagia.

Miguu ikaning'inia. Mkono ukaenda mbele, hatamu ikalegea, Bi Mkubwa akaendelea tuku, tuku, tuku, shingo imepinda vilevile. Ah! Fundi akajiona malkia.

"Vizuri. Sasa irudishe."

Wayo ulipogusa chuma, mguu ukakumbuka kazi yake. Duara la kushoto alijizuia mpaka paja likatetemeka, akapita. Duara la kulia, upande wa mkono anaosukumia kitambaa, mguu ukakanyaga bila kumwomba ruhusa. Akarudia, ukakanyaga. Akautukana kimoyomoyo, ukakanyaga.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Pole, mama. Mwaka huu hapana."

Wifi safari hii hakucheka. "Shuka twende, wifi yangu. Umejitahidi."

"Umejitahidi huambiwa aliyeshindwa. Tangulia." Akamgeukia mwalimu. "Ilete hiyo kamba."

"Tungeanza wiki ijayo, mama, leo umechoka."

"Mpaka wiki ijayo mguu huu utakuwa umeshona nguo ngapi? Ilete sasa. Na miguu siitoi kwenye vikuku."

Kamba ikafungwa. Fundi akauma meno, akaingia duara la kulia, akasogeza mkono. Bi Mkubwa akachomoka.

"Tena," akasema Fundi mwenyewe, mwalimu hajafungua kinywa.