Mkoba wa Baba Haujapasuka

Leo mgeni kutoka Arusha kausifia mkoba wa marehemu baba, nikatamani niutie motoni.

"Ngozi hii imezeeka vizuri! Mliitunzaje?"

Niambieni jamani, ningemjibu nini, na mama kaketi pale pale?

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, hapa Rhotia, mafuta yaliadimika madukani. Sisi tulikula mboga za kuchemsha na chumvi.

Kondoo akichinjwa, baba anachukua mafuta yote, anaupaka mkoba wake wa kwendea mikutanoni.

Siku moja mama akaomba kidogo tu, apake miguu.

"Ngozi hii ikikauka itapasuka," baba akamjibu, huku anasugua.

Mgeni kaupapasa mkoba wote, hajaona ufa hata mmoja.

Mama kavuta kanga, kafunika visigino vyake.