Mafuta ya Paini na Kifua cha Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliishia darasa la saba, nikaanza maisha kwa kubeba mbao kichwani kule Maguu. Leo nina shamba la paini ambalo ukisimama bondeni huoni mwisho wake, nina nyumba Mbinga mjini, na wenye digrii zao wananisubiri barazani nimalize chai. Ukiniambia kuna jambo sijaliona, nitakaa nikusikilize, halafu nitakusahihisha.

Hata kutengeneza mafuta ya paini sikufundishwa na mtu. Matawi tuliyopogoa yalikuwa yanaoza bure. Nikachukua pipa, nikachomelea mfuniko, nikatoa bomba la shaba na kulipitisha kwenye pipa la pili lenye maji baridi. Unajaza majani yaliyokatwakatwa, unachochea moto wa wastani, mvuke unaondoka na harufu yote. Ukikutana na baridi unarudi kuwa maji, na mafuta yanaelea juu. Majirani walipoona lile bomba wakaja.

"Mzee, tunaonja lini?"

"Hii si gongo. Ni mafuta ya majani."

"Hata yule wa bondeni alisema hivyohivyo, siku moja kabla polisi hawajaja."

Waliponusa wakaamini. Ni harufu ya msitu baada ya mvua, inapanda puani mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Nimejaribu na majani ya misaiprasi, ile miti ya uzio, harufu yake imetulia zaidi ila mafuta ni haba. Wanawake wanaochua wageni kule ziwani ufukweni wananunua kwangu, na nawaambia wote maneno yaleyale: usipake yakiwa peke yake, changanya matone machache na mafuta ya alizeti mengi. Hayanywewi. Mtoto mchanga usimsogezee. Chupa iwe ya kahawia, ikazwe, ikae kabatini, kwa sababu mafuta yaliyopigwa na hewa na mwanga muda mrefu yanawasha ngozi. Hayo yote niliyagundua kwa mikono yangu, na mmoja ulivimba. Kitu kimoja tu sikuwa nimekijaribu: mvuke wake chini ya blanketi.

Mama mkwe wangu anakaa kule chini ziwani, si mbali na Mbamba Bay. Kifua kilikuwa kimembana, anahema kama mtu aliyepanda mlima na huku amekaa kitako. Mke wangu alikuwa hali akashiba.

"Baba," aliniambia, "mama yangu akinifia kwa kifua, na wewe una mtambo mzima uani..."

Nikachukua chupa kubwa, tukateremka ziwani.

Kwa desturi yetu na yao, mkwe hamgusi mama mkwe, hali naye, wala hamtazami usoni. Miaka yote ile tulisalimiana yeye akiwa nyuma ya mlango. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mkwe." Basi. Lakini tulipendana. Yeye alikuwa akinitumia samaki mbasa wa kukausha, mkubwa kuliko wote, kamfunga peke yake kwa jani la mgomba. Mimi nilimpigia kenchi za paa kwa mbao zangu. Yale tusiyoweza kuambiana tuliyasema kwa samaki na kwa kenchi.

Asubuhi mke wangu akamwandalia nyungu: sufuria la maji ya moto, mama akajifunika blanketi gubigubi. Siku zote wanatia majani ya mlingoti, yaani mkaratusi, na mchaichai, kumbatio zima. Akaniuliza mimi niliyekaa nje, "Mafuta yako tunatia kiasi gani?" Nikapiga hesabu: kama majani ni kumbatio zima, mafuta yasiwe ya uchoyo.

"Vijiko viwili. Huyo ni mtu mzima."

Akatia, akakimbilia ufukweni kuwahi samaki kabla hawajaisha.

"Mkwe!" nikasikia kutoka ndani. "Mkwe, macho yangu!"

"Vumilia, mama, dawa inaingia!"

Kikaja kikohozi. Kisha kikohozi nacho kikakatika, ikabaki filimbi nyembamba ya mtu anayeitafuta pumzi. Nikapiga kelele kuwaita akina mama wa jirani. Wote walikuwa wamekwenda kwenye sala za jumuiya. Nikachukua kasia la marehemu baba mkwe lililokuwa ukutani, nikafumba macho, nikalisukuma ndani nikidhani nitaliinua blanketi kwa mbali. Likakwama kwenye fremu ya mlango. Nikalitupa, nikaingia, nikalivuta blanketi kwa mikono yangu na kumbeba mama mpaka nje kwenye upepo.

Alihema mara kadhaa ndipo akapata sauti.

"Fumba macho, mkwe!"

"Nimefumba, mama!"

"Basi mbona umenishika sikio?"

Nikajua hafi. Lakini filimbi haikuisha, nikaita bodaboda. Yeye katikati, mimi nyuma nimemshika mabega, kijiji kizima kinatutazama. Zahanati wakampa dawa ya kuvuta, akatulia.

"Huyu ana pumu," muuguzi akaniambia. "Harufu kali kama hiyo haimfungui, inambana. Asiitumie kabisa. Na hata mzima, tone moja au mawili kwenye beseni, dirisha wazi, bila kujifunika."

Jioni mjomba wake mke wangu akaja, amekunja uso.

"Umemgusa mama mkwe wako?"

"Sikio tu, mjomba. Na mabega."

"Sikio si mwili?"

Mama mkwe akajibu kutoka ndani, sauti bado ina mikwaruzo. "Mtoze faini, kaka. Mtoze yote. Akishalipa, aibu imekwisha, nami nitaweza kuongea na mwanangu."

Sikuwahi kuitwa hivyo na yule mama.

Siku hizi akipanda Mbinga anakula nami meza moja, na ananigombeza kuliko mke wangu. Nikitoka mtamboni ananusa shati langu. "Wewe mwanangu, kaa kule dirishani, tena ulibadilishe." Naenda, nabadilisha. Doti ya khanga yake, jogoo wa wazee, blanketi jipya, bodaboda na zahanati, nililipa siku ileile bila kuomba kupunguziwa: shilingi elfu themanini na moja na mia tano.