Trekta Lililowanyima Wagonjwa Usingizi

Kwa miaka kumi na saba mtunza bustani wa hospitali ile alikata nyasi kwa trekta moja dogo la kukalia, na kwa miaka hiyo yote wauguzi walimwita Ngurumo. Hakukasirika. Likiwashwa karakana, mgonjwa wa wodi ya mwisho alijua. Malalamiko yalimfikia kila wiki, naye alikuwa na jibu moja tu: "Basi nunueni mbuzi." Kisha alipanda kiti chake kilichopasuka na kuendelea, kiuno kikimuuma, maana nyasi za pale hazikuwa na huruma. Ukimaliza upande wa jikoni, za upande wa geti zimeshafika magotini.

Halafu dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, akapasuliwa tumbo na kulazwa wodi ya wanawake. Ngurumo akaomba ruhusa ya siku tatu akae naye. Mlinzi wa geti akashika usukani badala yake.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, dada ndiyo kwanza alikuwa amepata lepe la usingizi tangu atoke chumba cha upasuaji. Ngurumo mwenyewe alikuwa akisinzia, kidevu kifuani. Ndipo trekta likapita chini ya dirisha. Vioo vikatetemeka, kijiko kikacheza ndani ya kikombe. Mwanamke wa kitanda cha pili akajifunika mto kichwani, kama mtu aliyezoea. Dada akashtuka, na kule kushtuka kukamvuta mshono. Akashika tumbo, machozi yakamtoka.

"Ni nini hicho?"

"Trekta."

"La nani?"

Ngurumo akatazama sakafu. "Langu."

"Mdogo wangu, watu hawa unawafanyia hivi kila siku?"

"Nakata nyasi, Dada."

"Sijakuuliza habari za nyasi."

Ngurumo alikuwa hajawahi kulisikia akiwa upande ule wa dirisha.

Aliporudi kazini akaenda kwa msimamizi wa vifaa, akaambiwa trekta jipya asahau mwaka huu. Basi akaamua kulitengeneza mwenyewe. Alitafuta kipande cha bomba, akakiunga kwenye ekzosi, bomba la kutolea moshi, akakishindilia nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Trekta likapoa sauti kweli. Likakohoa mara mbili, likazimika katikati ya uwanja, la moto kama jiko. Yeye na mlinzi wakalisukuma hadi karakana migongo imepinda.

"Umelinyamazisha," mlinzi alisema akihema. "Hongera."

Kesho yake akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea wa mtaa wa nyuma, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Fundi alizitoa zile nyuzi kwa koleo, akamtazama Ngurumo kama anavyotazamwa mtoto aliyekula udongo.

"Umeiziba pua injini, ungetaka ipumulie wapi? Moshi lazima utoke. Kazi ni kuuzungusha ndani mpaka uchoke, ndipo utoke."

Akagonga sailensa, lile kopo la kupunguza mlio wa moshi, kwa spana. Kutu ikamwagika sakafuni, vipande kwa vipande. "Kuta za ndani zimekwisha. Umekuwa ukiendesha kopo tupu."

Akatafuta sailensa ya gari dogo lililokufa, akaikata, akaichomelea, akaiwekea mkono wa chuma wa kuibeba ili uzito wake usining'inie kwenye injini. Pale bomba linapokutana na injini, moshi ulikuwa ukivuja kwa kupiga kofi kofi, akabadilisha gasketi ya kuziba hapo.

"Washa."

Ule mlio mkubwa ukashuka. Lakini chini yake zikatokea kelele nyingine: boneti inagongagonga, mfuniko wa visu vya kukatia nyasi unalia, fremu nzima inatetemeka. Ngurumo akaegemea ukuta.

"Hizi umezitoa wapi tena?"

"Zilikuwepo. Ulikuwa huzisikii."

Wiki mbili nzima, kila akimaliza kukata, alibaki karakana. Alikaza nati zote. Alikata mipira ya ndani ya tairi, akaiweka kila mahali bati lilipogusana na bati. Alitundika kila kisu kwenye msumari kwa tundu lake la kati, akatazama upande gani unalemea, akaunoa upande huo hadi kikakaa sawa. Ule mtetemo ukapungua nusu. Alitaka pia kubandika kipande cha godoro chini ya boneti, akaenda kumuuliza fundi.

"Godoro juu ya injini?" fundi alisema. "Wodi ya walioungua ina kitanda wazi?"

Akaliacha godoro.

Dada yake alikuwa ameruhusiwa zamani, hakulisikia lilipotulia. Ngurumo akamkabidhi mlinzi usukani, yeye akaenda kukaa kwenye benchi la wodi ya wanawake, viatu vimejaa matope. Trekta likapita. Lilivuma, kwa sauti nzito ya chini, halikuwa kimya hata kidogo. Ila kijiko cha mtu hakikucheza, na bibi mmoja aliyelala karibu na dirisha hakugeuka.

Sista mkuu akampita mlangoni. "Leo hukati nyasi, Ngurumo?"

"Zinakatwa. Ndilo hilo hapo nje."

Sista akasimama, akasikiliza. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Ngurumo akakuta karatasi ya sista mkuu mlangoni mwa karakana. Uwanja wa nyuma ya wodi ya watoto, ambao ulikuwa ukifyekwa kwa mkono kwa sababu trekta lilipigwa marufuku huko, tangu leo ni wake. Akaisoma mara mbili. Ulikuwa uwanja mpana, wenye mteremko na mawe, na nyasi ngumu kama waya.

"Nimejitakia," akasema.

Akajinyoosha kiuno, akapanda, akaingiza gia ndogo, akaanza kupanda ule mteremko.