Uwanja Ulio kwa Jina la Dada

Nimeishia darasa la saba na sioni aibu. Malori matano yanayobeba makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka ni yangu, na hapa Mbinga hakuna mwenye digrii aliyewahi kunishikia hata spana. Harusini, kanisani, popote nilipopewa nafasi ya kusema, nilisema nilianza na mikono mitupu.

Mwaka jana mteja wangu wa makaa akataka hesabu zilizokaguliwa, zilizoandikwa kwa viwango vya uhasibu. Bila hizo, hakuna mkataba mpya.

Mkaguzi alitoka Songea, binti wa umri wa mwanangu wa tatu. Shikamoo yake alinipa vizuri, kisha akaanza kunivua nguo kwa kalamu yake. Lori langu la kwanza, ambalo asubuhi hiyohiyo lilipanda mlima na shehena, akaliandika kuwa thamani yake imekwisha. Nikamwambia aende akaliambie lenyewe. Hilo nikalimeza.

Kilichonikaba ni uwanja wa kuegesha malori. Hati ina jina la dada yangu. Aling'oa mibuni yake ili anipishe, hakudai kodi, nami sikutoa. Mkaguzi akasema lazima iandikwe kwamba kampuni inakaa bure kwenye ardhi ya ndugu wa mkurugenzi, maana siku dada akiitaka ardhi yake, malori yatalala wapi? Nikawaka. Mambo ya tumbo moja yanamhusu nini mnunuzi wa makaa? Nikamwambia aifute sentensi hiyo. Akasema ikifutwa, hasaini.

Nikaenda kwa dada, kijijini Mapera, nikitaka anihamishie hati. Alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja. Alinisikiliza bila kusimamisha mikono.

"Mdogo wangu, mgeni ameuona uwanja wangu kwa siku moja. Mimi kila Jumapili nasikia habari za mikono mitupu."

Akasukuma kahawa upande wa pili wa kichanja, akaendelea:

"Hati sitoi. Mwache binti aandike. Na kama nimo kwenye vitabu vyenu, nitakaa na kwenye vikao."

Nilisaini, mkataba nikaupata. Bado nasema viwango hivyo vimetungwa na watu wasio na ndugu. Lakini kikao cha kwanza dada alikuja na miwani yake, akadai kuona stakabadhi za dizeli, lori kwa lori. Dereva mmoja, shemeji yangu niliyemtetea miaka yote kila dizeli ilipopungua, aliacha kazi kabla hatujafika lori la tatu.