Kupanda kwa Miguu, Kushuka kwa Pikipiki

Mtu mzima akianza kukimbia pale mtaani kwetu Kabuga, watu wanajua moja kati ya mawili: kuna mbwa nyuma yake, au daktari amemtisha. Gahongayire, muuza vitenge tunayemwita Mama Kirezi, hakuwa na mbwa wala daktari. Alikuwa na mdomo tu. Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya alisema atakimbia marathoni ya milimani, ile ya kupita njia za mbuzi, maana yeye amekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na huko alipanda vilima na ndoo kichwani. Kwaya wakadaka maneno, wakamwombea palepale kwa sauti zote nne. Sasa mtu akishaombewa mpaka na besi, anarudi nyuma kwa mlango gani?

Kupanda hakukumsumbua. Ana pumzi ya kuimba, hiyo huwezi kumnyang'anya. Shida ilikuwa kushuka. Mwanzoni mwa mazoezi aliteleza kwenye kokoto za mteremko mmoja juu ya Masaka, akateremka kwa makalio mpaka ndani ya shamba la maharage la watu. Mifupa ilibaki mizima, lakini tangu siku ile njia ikiinama tu, magoti yake yanagoma.

Akatafuta dawa, na dawa ilikuwa Jean-Bosco, kijana wa pikipiki. Kila Jumamosi Mama Kirezi anapanda kilima kwa miguu, juu anamkuta Jean-Bosco, anavaa kofia ya abiria, wanashuka polepole kama wanampeleka bibi harusi. Nyumbani anaingia na jasho la kweli, la nusu ya kazi. Mumewe Kagabo, mtu wa maneno machache, siku moja alimtazama nywele.

"Mama Kirezi, hizi mbio zenu zinalaza nywele."

"Ni upepo."

"Upepo wa mviringo," Kagabo akasema, akaendelea na kula.

Mama Kirezi alicheka, lakini chakula hakikushuka. Mashindano yalikuwa yamebakiza wiki tatu. Kule milimani hakuna Jean-Bosco, na waandaaji walishasema: ukichelewa kufika kituo cha katikati, unapakiwa kwenye gari. Kwa ule mwendo wake wa kushuka kiubavu, ameshika majani kama mwizi wa parachichi, gari lilikuwa linamsubiri yeye. Na kwaya nzima ingekuja kumshangilia dirishani.

Basi Jumamosi iliyofuata akatoka mapema, na viatu vyake vya mitumba vyenye meno, na lile begi la maji la mgongoni lenye mpira wa kunyonyea. Akapanda. Barabara tupu, hewa safi, hakuna pikipiki hata moja. Akafurahi. Furaha nyingine ni usahaulifu: ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, asubuhi ambayo kila mtu yuko kwenye mtaa wake na jembe lake na vyombo vyote vya moto vimelala mpaka kazi iishe. Jean-Bosco alikuwa Kabuga anazibua mtaro.

Juu ya kilima akakuta watu wa eneo lile wote nje, wanatengeneza mitaro ya maji ya mvua. Mkuu wa mudugudu, yaani wa kitongoji kile, mzee Munyaneza, alimkagua kuanzia viatu.

"Mama, unakimbia umuganda?"

"Niko kwenye mazoezi, mzee."

"Vizuri sana. Mazoezi iko hapa." Akampa karai.

Mwanamke mmoja aliyejifunga kitenge kiunoni akaonyesha lile begi. "Hiyo pampu ni ya kupulizia kahawa?"

"Ni maji ya kunywa."

"Unanyonya? Mtu mzima hivi?"

Wakacheka mpaka majembe yakasimama.

Sasa mawe ya kujengea yalikuwa juu, mtaro wa kujengwa ulikuwa chini, na njia ilikuwa ileile ya kokoto na maharage. Mama Kirezi aliomba jembe, akaambiwa majembe yana wenyewe. Akajitwisha. Mara ya kwanza alishuka anatetemeka, mawe yanagongana kichwani yanamtangaza kwa kila mtu.

"Mama wa mbio, enda," mwanamke wa kitenge akamsukuma kwa maneno. "Nimeacha maharage iko kwa moto."

Lakini mwenye karai kichwani haangalii miguu. Akiinama, mawe yanamwagika. Mama Kirezi akaangalia mbele, kwenye migomba. Shingo ikanyooka, magoti yakalegea, hatua zikawa fupifupi za haraka, zile za Karagwe. Akaenda, akarudi, akaenda. Alikuwa katikati ya kumsimulia yule mwanamke habari za vitenge vinavyochuja rangi alipogundua kwamba yuko chini tena, na hakumbuki ameshukaje.

Kazi ilipoisha, simu ikalia.

"Mama Kirezi, umuganda imeisha, nakuja," Jean-Bosco akasema.

"Usije juu. Ningojee chini, barabarani."

"Umenikasirikia?"

"Ningojee tu."

Akapanda kurudisha karai. Alipogeuka kuutazama mteremko na kichwa kitupu, magoti yakauliza: karai liko wapi? Akasimama pale kama mtu aliyesahau jina lake. Kisha akavua begi la maji, akaliweka kichwani, mpira ukining'inia sikioni, akaanza kukimbia. Nyuma yake mzee Munyaneza akasema, "Huyu mama, mazoezi yake sijaielewa." Kwenye maharage akapita. Katikati ya mteremko alilirudisha begi mgongoni bila kusimama, na miguu ikaendelea na kazi yake.

Barabarani alikaa juu ya jiwe, akacheka peke yake mpaka machozi. Jean-Bosco alikuwa ameshika kofia ya abiria.

"Nani amekushusha?"

"Mwenyewe."

Jean-Bosco akaangalia juu kwa wivu. "Pikipiki ya nani?"

Nyumbani Kagabo alizitazama nywele zake, zimesimama, zimejaa udongo.

"Leo upepo haukuja."

"Leo haukuja," Mama Kirezi akasema. "Sogeza viazi."

Akala sahani mbili, na vyote vilishuka vyenyewe.